Operesheni: Neno la Kazi Lililogeuka Amri

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ina jambo ambalo ni nadra kulikuta katika sheria. Kwenye kifungu cha tafsiri, pale ambapo maneno kama kijiji na ardhi ya kijiji yanapewa maana, limo pia jina la tukio: "Operation Vijiji". Neno moja la Kiingereza, moja la Kiswahili, na baada yake tarehe mbili. Sheria inaeleza kuwa hiyo ni kazi ya kuwahamisha na kuwapanga watu vijijini iliyofanyika kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Kifungu cha 15 kinaendelea kusema kuwa ardhi aliyogawiwa mtu katika miaka hiyo ni yake kihalali, mgawo wenyewe uwe ulifuata sheria au ulifanyika kinyume cha sheria.

Maneno hayo ya mwisho ni ya kusomwa mara mbili. Zaidi ya miaka 20 baada ya tukio, Bunge liliandika kwa mkono wake kwamba ndani ya operesheni ile yalitendeka mambo bila kujali sheria, na kwa kuwa hayawezi tena kurudishwa nyuma, basi yahesabiwe kuwa halali. Mwananchi anayetaka kujua neno "operesheni" limebeba nini nchini mwake na asome kifungu hicho kabla ya kufungua kamusi.

Maana hiyo haikuzaliwa na neno. Chanzo chake ni Kilatini "opus", yaani kazi, na kitenzi "operari", kufanya kazi. Kutoka mzizi huohuo Waitaliano walipata "opera", mchezo wa jukwaani unaoimbwa, ambao kwa lugha yao ni kazi ya sanaa tu. Kiingereza kililipokea neno kupitia Kifaransa katika karne ya 14, na kwa muda mrefu "operation" ikawa na maana ya utendaji: jinsi dawa inavyofanya kazi mwilini, jinsi mtambo unavyozunguka, jinsi tarakimu zinavyojumlishwa na kutolewa. Madaktari wa upasuaji wakalichukua. Baadaye wanajeshi nao wakalichukua, na huko ndiko lilikobadilika sura.

Desturi ya kuipa operesheni jina lake la pekee ilishika mizizi kwa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Shambulio lao kubwa la Machi 1918 upande wa magharibi liliitwa "Michael". Ilipofika Vita Kuu ya Pili kila jeshi lilikuwa na orodha ya majina, na Winston Churchill alilitilia maanani jambo hilo kiasi kwamba mwaka 1943 aliwaandikia wasaidizi wake waraka wa kuwataka wayachague kwa uangalifu. Hakutaka mjane au mama aambiwe kuwa mpendwa wake alifia kwenye operesheni yenye jina la mzaha. Alifahamu kwamba jina la operesheni ni sehemu ya operesheni yenyewe: ndilo linalowatia moyo wanaotumwa, na ndilo linalobaki midomoni mwa waliofikwa.

Vita ilipokwisha, mwenendo wa kijeshi ulihamia kwenye maendeleo, na uwanda wa kati wa Tanganyika ulikuwa kati ya sehemu za kwanza kuuonja. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wa karanga Kongwa, mashariki ya Dodoma. Waliajiri wanajeshi wengi waliokuwa wametoka vitani, wakaleta matingatinga yaliyosalia kwenye vita na mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru, na mwaka uliofuata usimamizi wa huko ukawa chini ya meja jenerali, Desmond Harrison. Mpango ulikuwa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu katika Tanganyika na nchi jirani. Wagogo waliokuwa wakiijua mvua ya Kongwa na udongo wake unaokauka ukawa mgumu kama saruji hawakuwa na kiti kwenye kikao cha mipango. Januari 1951 serikali ya London iliufuta mradi pamoja na hasara ya karibu pauni milioni 36. Haukuitwa operesheni, lakini kila kitu cha operesheni kilikuwamo: haraka, amri ya kutoka juu, na imani kwamba nchi isiyojulikana inaweza kushindwa kwa mashine.

Jina lenyewe lilikuja na serikali ya wananchi. Mto Rufiji ulipofurika mwaka 1968, watu waliokuwa bondeni walihamishiwa sehemu za juu, na kazi hiyo ikaitwa Operesheni Rufiji. Palikuwa na mafuriko, palikuwa na maisha ya kuokoa, na hapo haraka ilikuwa na sababu yake. Kisha ukame uliubana mkoa wa Dodoma, njaa ikaingia, na mwaka 1971 ikaanza Operesheni Dodoma. Lengo lilikuwa kuwaingiza watu wa mkoa mzima katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda Chamwino akafyatua matofali pamoja na wanakijiji, na nia yake haina haja ya kutiliwa shaka. Alikuwa ameona watu wakipewa chakula cha msaada mwaka baada ya mwaka, naye aliamini kuwa wakikaa pamoja watapata maji, shule na zahanati.

Tatizo lilikuwa katika mwendo. Nyumba ya Mgogo ni tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa lililofunikwa udongo mzito. Tembe hazikukaa mbalimbali kwa bahati mbaya. Mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, mara nyingi haifiki milimita 600, tena inaweza kunyesha upande huu wa mlima na kuuacha mwingine. Kwa hiyo kila kaya ilikuwa na shamba lililoshiba samadi karibu na zizi, na ng'ombe waligawanywa kwa ndugu na marafiki wa mbali ili ukame wa mahali pamoja usimalize kundi lote. Mtaalamu wa elimu ya jamii Peter Rigby aliyaandika hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu ng'ombe na ukoo kwa Wagogo. Maarifa yalikuwapo, yamechapwa, kabla lori la kwanza la operesheni halijawashwa.

Tembe haibebeki. Boriti zinaweza kung'olewa na milango ikapakiwa, lakini udongo wa paa hauwekwi kwenye lori, wala samadi ya miaka mingi iliyozama shambani. Aliyehamishwa alifika mahali papya akiwa na mifugo yake, mtungi na vyombo vya ndani, akaonyeshwa mstari wa kujenga. Shamba lake la zamani likawa mwendo wa saa nyingi. Mifugo ya kaya nyingi ikakusanyika sehemu moja, malisho ya jirani yakaisha, ardhi iliyozunguka kijiji ikachoka. Mambo haya yalichukua miaka kuonekana, ilhali operesheni ilipimwa kwa kitu kinachoonekana mara moja: idadi ya kaya zilizohamia.

Baada ya Dodoma zikafuata Kigoma na Chunya. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, na mwisho wa mwaka 1976 ukawekwa kuwa kikomo. Mwaka huohuo wa 1973 ndio chama tawala, TANU, kiliamua Dodoma iwe makao makuu ya nchi. Kufikia mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuishi katika vijiji zaidi ya 7,000. Haki itendeke: vijiji vingi kati ya hivyo vipo hadi leo, vina shule, na Elimu ya Msingi kwa Wote isingeenea kwa kasi ile kama watoto wangebaki wametawanyika porini. Anayeandika kana kwamba hakuna jema lililopatikana anapotosha. Lakini anayehesabu shule peke yake naye anapotosha, kwa sababu zipo familia ambazo kesi zao za ardhi zilizotokana na miaka ile zilifika hadi Mahakama ya Rufani. Mwaka 1994, katika shauri la Lohay Akonaay na mwanawe Joseph wa Kambi ya Simba, mkoani Arusha, mahakama ilisema haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba. Serikali ilikuwa imetunga sheria mwaka 1992 ili kuzifuta haki hizo. Kile kifungu cha mwaka 1999 ni mtoto wa ugomvi huo.

Tangu operesheni zile za vijiji, neno halikupumzika. Mwaka 1976 palikuwa na Operesheni Maduka, iliyofunga maduka ya watu binafsi ili ya vijiji yachukue nafasi yake, na bidhaa zikaadimika. Mwaka 1983 ikaja Nguvu Kazi, watu wasio na ajira wakakamatwa mijini na kupelekwa mashambani. Mwaka 1989 ikaja Operesheni Uhai dhidi ya majangili, na hii lazima isemwe kwa heshima, maana ilisaidia kuwaokoa tembo waliokuwa wakiuawa kwa maelfu. Majirani nao wamo. Kenya iliingia Somalia mwaka 2011 kwa Operesheni Linda Nchi. Jeshi la Kongo lilianzisha Operesheni Sokola huko Beni mwaka 2014. Uganda imelipeleka neno shambani: mpango wake wa kugawa mbegu na miche kwa wakulima, uliosimamiwa na wanajeshi, ulipewa jina la Operation Wealth Creation, yaani operesheni ya kuzalisha utajiri.

Dodoma, kama makao ya Bunge, ndiko hesabu za operesheni huishia kusomwa. Oktoba 2013 serikali ilianzisha Operesheni Tokomeza kwa lengo lile jema la mwaka 1989, kuokoa tembo. Mwanzoni mwa Novemba ilikuwa imesitishwa, baada ya wabunge kusimama mmoja baada ya mwingine wakieleza habari za wananchi waliopigwa, waliodhalilishwa, waliouawa, na mifugo iliyopotea. Desemba 20, 2013 kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli ilisoma taarifa yake. Siku hiyohiyo mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao: Khamis Kagasheki wa Maliasili na Utalii, aliyetangaza kujiuzulu mwenyewe, pamoja na Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na David Mathayo wa Mifugo na Uvuvi. Ni nadra katika historia ya nchi kwa jambo moja kuwaondoa mawaziri wanne kwa siku moja.

Kuna tukio dogo zaidi linaloonyesha jambo hilohilo kwa karibu. Juni 2018, wakati Operesheni Sangara dhidi ya uvuvi haramu ikiendelea Ziwa Victoria, maofisa wa wizara ya uvuvi waliingia kwenye mgahawa wa Bunge jijini Dodoma wakiwa na rula. Walipima samaki waliokuwa tayari kwa chakula, wakakuta walio chini ya urefu unaoruhusiwa, na mgahawa ukatozwa faini ya shilingi 300,000. Wabunge walikuja juu. Waliona wamevunjiwa heshima, na walikuwa na sababu ya kukasirika. Lakini wavuvi na wachuuzi wa Kanda ya Ziwa walikuwa wamekwishapitia makubwa zaidi kwa miezi kadhaa, nyavu zao zikichomwa moto hadharani. Rula ilipofika kwenye sahani ya mbunge ndipo ilipojulikana inavyouma.

Hoja haiko kwenye usahihi wa sheria ya uvuvi. Samaki mchanga anastahili kulindwa. Hoja ni kwamba ofisa wa uvuvi analipwa mshahara wa kila mwezi ili apime samaki kila siku, mwaloni, sokoni na barabarani. Kazi hiyo ikifanywa siku zote, hakuna siku inayohitaji operesheni. Inapoachwa mwaka mzima, halafu ikafanywa kwa wiki tatu kwa magari mengi na askari wengi, mwananchi anajifunza somo baya: kwamba sheria ni msimu, na msimu ukipita mambo hurudi kama yalivyokuwa. Ndivyo ilivyo kwa uhamiaji, ndivyo ilivyo kwa leseni za biashara, kwa bodaboda, kwa usafi wa mitaa. Neno ambalo asili yake ni kazi limekuwa jina la kazi iliyolimbikizwa.

Kila mji una mama anayeuza nyanya na vitunguu kwa mafungu kando ya barabara, juu ya turubai. Neno likipita mdomo kwa mdomo, "operesheni!", hashiki kitabu cha sheria. Anakunja pembe nne za turubai, anatia kichwani, anakimbia. Nyanya za chini zinapondeka. Jioni magari yakiondoka anarudi palepale, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha pengine. Mji haukupata usafi, naye amepoteza mtaji wa siku mbili.

Lipo eneo ambalo neno hili limebaki na adabu yake, nalo ni hospitali. Pale Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma, ambako upandikizaji wa figo ulianza mwaka 2018 kwa msaada wa madaktari wa Kijapani, mgonjwa haingizwi chumba cha upasuaji kabla ya kuelezwa atafanyiwa nini, kuna hatari gani, na kabla ya kuweka sahihi kwenye fomu ya ridhaa. Vifaa huhesabiwa kabla ya kushona. Baada ya hapo kuna kliniki ya kurudi. Anayeshika kisu ana jina, na likitokea baya anajulikana wa kuulizwa. Jeshi nalo lina taratibu zake za nani anatoa amri na nani anawajibika. Hata vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), wanaoingia Makutupora na kambi nyingine, makundi yao huitwa kwa majina kama Operesheni Magufuli na Operesheni Samia Suluhu Hassan, na huko neno ni beji ya urafiki wa maisha. Daktari na askari wana haki ya kuliita jambo lao operesheni. Halmashauri inayokwenda kukusanya ushuru haina, maana raia wake si wagonjwa waliolazwa usingizi, wala si adui.

Neno hilohilo lina ndugu ambaye Tanzania ilimjua na ikamtupa. Kiingereza kikiongeza silabi moja mbele ya "operation", hupatikana "co-operation": kufanya kazi pamoja. Ndiyo asili ya jina la Kiingereza la vyama vya ushirika. Mei 1976, mwaka uleule uliowekwa kuwa kikomo cha kuhamia vijijini, mwaka uleule wa Operesheni Maduka, serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika nchini na kuyakabidhi mazao kwa mamlaka za serikali. Vyama hivyo vilikuwa na kasoro zake, wizi na upendeleo vikiwamo. Hata hivyo vilikuwa chombo ambacho mkulima angeweza kuingia mkutanoni, akanyoosha mkono, akakataa. Miaka michache baadaye serikali yenyewe ilitunga sheria ya mwaka 1982 kuvirudisha, na pengo la miaka ile ya kati halikuzibika kirahisi. Mwaka 1976, kati ya kutenda pamoja na kutendewa, nchi ilichagua kutendewa.

Inawezekana kufanya vingine. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alipoagiza machinga waondolewe barabarani, alisisitiza wasipigwe wala kunyang'anywa mali, na neno lililotumika rasmi lilikuwa "kuwapanga". Miji mingine ilifanya vizuri, mingine vibaya. Dodoma ilijenga soko la wazi la machinga, watu wakapewa vizimba. Soko hilo lina matatizo yake, na wapo wafanyabiashara wanaolalamika kuwa wateja ni wachache. Lakini anayelalamika ana mahali pa kulalamikia, ana kizimba chenye namba, na hakuna aliyekimbia na turubai kichwani kufika hapo. Neno halikuleta tofauti hiyo peke yake. Ila aliyetumwa "kuwapanga" watu analazimika kujiuliza atawapanga wapi, na aliyetumwa kwenye operesheni haulizwi swali hilo.

Kwa sababu hiyo wabunge, ambao baadhi yao waliyaona ya Tokomeza kwa macho na wengine wakapimiwa samaki mezani, wanaweza kuanza na jambo lililo ndani ya uwezo wao. Waziri, mkuu wa mkoa au mkurugenzi anayetangaza operesheni atakiwe kutaja mambo manne siku ileile: sheria gani inamruhusu, itaanza na kuisha lini, nani anaiongoza kwa jina na cheo, na mwananchi aliyeonewa aende ofisi ipi. Asiyeweza kuyataja asiruhusiwe kuanza. Wahariri nao wasichapishe neno hilo kwenye kichwa cha habari kabla ya kupata majibu hayo manne, hata kama taarifa kwa vyombo vya habari imeandikwa hivyo. Na msomaji ambaye kesho atasikia kipaza sauti cha gari kikitangaza operesheni mtaani kwake aulize maswali hayohayo, kwa sauti, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kabla hajaanza kukunja turubai.